Waya Uliovuka Gamswand

Burgi aliiona taa ile saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Ilikuwa nukta nyeupe katikati ya kilele cha Gamswand, mahali ambapo saa hiyo hapakutakiwa kuwa na kiumbe chochote chenye roho. Ilichezacheza kidogo, ikatulia, kisha ikaanza kushuka.

"Hapana," alisema peke yake ndani ya mashine. "Hapana, hapana, hapana."

Alikuwa kwenye upande wa msitu, nusu ya njia, akipanda polepole huku tani kumi na mbili za chuma zikisaga theluji ili kesho wageni wakute mteremko umelainika kama shuka iliyopigwa pasi. Mteremko wa Gamswand ni mkali mno. Mashine haiwezi kuupanda kwa minyororo yake peke yake, lazima ijivute. Juu ya paa lake kuna mkono wa winchi, na kwenye mkono huo unatoka waya wa chuma, mnene kama kidole gumba, ambao hupanda mamia ya mita hadi kwenye nguzo iliyosimikwa kwa zege kule kileleni. Winchi ikivuta, waya hukaza na kunyanyuka kutoka kwenye theluji. Juu ya bonde dogo lililopo katikati ya mteremko huwa unaning'inia hewani, kimo cha shingo ya mtu mzima. Gizani hauonekani kabisa, na mchana wenyewe unauona ukishaonyeshwa. Mtu akishuka kwa skii kwa kasi ya gari na kukutana nao, hana muda hata wa kuita mama yake.

Ndiyo maana kila siku saa kumi na nusu mteremko hufungwa, uzio wa kamba huwekwa na taa nyekundu huwashwa juu na chini. Hata mlevi anaelewa zile taa. Mgeni aliyefika jana kutoka nchi isiyo na kilima anaelewa. Asiyeelewa ni yule anayejua.

Na aliyekuwa anajua kuliko wote alikuwa Kassian, baba yake Burgi, dereva wa mashine hizo kwa majira thelathini na moja ya baridi kabla hajastaafu na kumwachia binti yake usukani. Kila Jumatano alibandika ngozi za kupandia, zile zinazozuia kuteleza nyuma, chini ya skii zake, akapanda kwa miguu hadi kibanda cha juu, akacheza karata na kula madonge ya mkate na nyama ya moshi, kisha akateremka kupitia Gamswand uliokwisha kufungwa. Wengine walishuka kwa barabara ya msituni kama sheria ilivyotaka. Kassian alisema barabara ile ni ya watalii na ng'ombe. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini haisemi lolote juu ya mkuu mwenyewe asiposikia.

Burgi alikuwa akimfumbia macho, huo ndio ukweli wake. Maana hesabu ya baba yake haikuwa ya kijinga. Kileleni pana nguzo mbili, moja upande wa msitu na nyingine upande wa mawe. Kila Jumatano, tangu enzi za Kassian mwenyewe, mashine hufungwa kwenye nguzo ya msitu na kuanza kazi upande wa msitu, na waya hulala ukingoni, kando ya miti. Katikati yote na upande wa mawe hubaki salama hadi saa mbili. Mzee alikuwa akitazama tu taa za mashine ziko wapi, anajua waya uko wapi, anashuka. Akikaribia, Burgi humwashia na kumzimia taa kubwa kumsalimu, naye huinua fimbo yake moja, anapita zake kwenda nyumbani.

Lakini mchana ule mafundi walikuta zege la nguzo ya msitu limepasuka. Wakamwambia Burgi afunge waya kwenye nguzo ya upande wa mawe. Kwa hiyo taa za mashine zilikuwa pale pale zilipokuwa kila Jumatano, na waya wake ulikuwa umekatiza mteremko mzima mshazari, kutoka mawe hadi msitu, ukipita juu ya bonde dogo katikati kabisa.

Alikuwa amempigia baba yake simu saa sita. Ililia dirishani jikoni kwa mama, kwa sababu mzee hubeba simu kama anavyobeba mwavuli, yaani habebi. Saa kumi akapiga kule kibandani. Mama wa kibanda akamwambia, "Leo hajafika. Na upepo huu, atakuja kufanya nini?" Burgi akaamini bila hata kuacha ujumbe, kwa sababu alitaka kuamini.

Sasa ile nukta nyeupe ilikuwa inashuka.

Alisimamisha mashine. Waya ulibaki umekaza, maana uzito wote ulikuwa unaning'inia kwake. Akawasha taa zote, akazizima, akawasha, akazima, akabonyeza honi bila kuiachia. Kule juu taa ndogo ilisimama. Kisha akaona kitu chembamba kimeinuliwa juu ya ile taa.

Fimbo. Mzee alikuwa anaitikia salamu.

Alitaka kufungua mlango apige kelele, lakini sauti ya mtu haipandi mita mia tatu dhidi ya upepo. Taa ikaanza tena kushuka, sasa kwa kasi, ikichora mistari kushoto na kulia kwa madaha ya mtu anayejua kwamba anatazamwa.

Lilibaki jambo moja tu, nalo ni lile alilokatazwa tangu siku ya kwanza alipokaa kwenye kiti hicho. Baba yake ndiye aliyemkataza. "Kwenye Gamswand hulegezi waya," alimwambia akiwa amemshika bega. "Hata uone malaika anakuja. Ukilegeza, mashine inakwenda gengeni, na wewe umo ndani." Genge lenyewe lilikuwa nyuma yake, hatua ishirini hivi, nyuma ya uzio wa mbao ambao usingezuia hata mbuzi.

Burgi alishusha beleshi kubwa la mbele likazama kwenye theluji. Akashusha na kisagio cha theluji cha nyuma, kikang'ata. Kisha akalegeza winchi.

Kwa muda mashine ilikaa kimya. Halafu akasikia chini yake sauti kama ya gunia zito linaloburutwa, na dunia nzima ikasogea nyuma. Mita moja. Mbili. Beleshi likapata barafu, likakwaruza, likashika. Mashine ikasimama. Burgi alikuwa ameuma ulimi, akahisi ladha ya damu, lakini wala hakuwa na habari nao. Alikuwa anatazama juu. Je, waya umelala? Hakuweza kuuona. Ungeweza kuwa umelala chini kama nyoka aliyekufa, na ungeweza kuwa bado umenyanyuka kwa magoti, kwa kifua, kwa shingo.

Taa iliingia bondeni ikapotea.

Alihesabu. Kila Jumatano alikuwa anahesabu bila kujua kwamba anahesabu: moja, mbili, tatu, nne, na taa hutokea upande wa pili. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano, na akajisikia mwenyewe akitoa sauti ambayo hakuijua, sauti ya mtoto anayetaka kulia. Taa ikatokea.

Kassian alikuja akakata theluji kwa skii zake mbele ya taa za mashine, akarusha ukungu mweupe kwenye kioo, akasimama kando ya mlango. Alikuwa na uso mwekundu wa upepo na wa pombe ya peasi. Akagonga mlango kwa fimbo.

"Leo unanipigia honi kama mko harusini," mzee alisema, Burgi alipofungua. "Kuna nini, mama? Umenikumbuka sana?"

Burgi alitazama juu, kuelekea bondeni.

"Halafu pale bondeni pana tawi limeanguka," mzee aliendelea. "Nimelikanyaga, ka! Waambie vijana waliondoe kesho, litamvunja mtu mguu."

"Si tawi, baba."

"Ni nini basi?"

"Ni waya."

"Waya gani, wewe? Waya uko kule." Akanyoosha fimbo kuelekea kwenye miti.

"Nguzo ya msitu imepasuka. Nimefunga kwenye mawe. Waya umekatiza bondeni, baba. Nimeulegeza nilipokuona unakuja. Panda humu ndani, mashine haijatulia, nataka kuvuta."

Kana kwamba mashine ilikuwa inasikiliza, ikateleza tena, nusu hatua. Redio ikakoroma. Alikuwa Severin, wa chumba cha usimamizi chini kijijini. "Burgi, hapa kwangu winchi yako inaonyesha haina mzigo. Dada, unateremka. Vuta."

Burgi aliweka mkono kwenye kishikio cha winchi. Lo, raha ya kuweka mkono pale! Mwili wake wote ulikuwa unataka kuvuta, kama mtu aliyezama anavyotaka hewa.

"Usivute," Kassian alisema.

Aliisema kwa sauti ndogo sana. Burgi aligeuka. Baba yake hakuwa anamtazama yeye wala mashine. Alikuwa anatazama mteremko aliotoka, na ule wekundu wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Gebhard yuko nyuma yangu."

"Gebhard gani?"

"Gebhard wa duka la mikate. Alikuwa anabandua ngozi za skii zake. Nimemwambia apite kwenye alama zangu. Nimemwambia, pita nilipopita mimi na hutapata shida."

Na kweli, kule juu, nukta nyeupe ya pili ilikuwa imetokea.

Gebhard hakuwa mtelezaji kama Kassian. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwoga wa mambo mengi, aliyeanza kupanda Jumatano kwa sababu mke wake alikuwa amefariki na nyumba ilikuwa imekuwa kubwa. Taa yake ilishuka polepole, ikisimama kila kona, ikitafuta alama za rafiki yake. Kassian angeshuka pale kwa nusu dakika. Gebhard alihitaji dakika tatu.

Mashine ikateleza. Burgi alikanyaga breki, akabonyeza beleshi chini zaidi hadi mbele yote ikanyanyuka kidogo, ikashika. Winchi ilikuwa inauachia waya kadiri mashine ilivyokwenda. Akiifunga tu, waya ungekaza mara moja kule bondeni. Ubao wa kwanza wa uzio ulionekana sasa kwenye kioo cha pembeni. Hakutaka kuutazama, na alikuwa anautazama.

"Burgi, vuta," ilisema redio. "Unanisikia? Vuta sasa hivi."

"Kuna mtu mteremkoni."

Severin akadakia, "Mtu gani? Kumefungwa."

Kassian alikuwa amevua skii. Alivua taa yake ya kichwani akaipunga juu ya kichwa, kushoto kulia, kushoto kulia, huku akipiga kelele jina la rafiki yake hadi sauti ikapasuka. Kule juu taa ya pili ilisimama. Kisha nayo ikapungwa kwa furaha, kushoto kulia. Gebhard alifurahi kuona kwamba anasubiriwa.

"Ondoka hapo karibu na mashine, baba," Burgi alisema. "Nenda pembeni."

"Siendi."

"Ikijigeuza inakusaga."

"Najua itakachofanya," mzee alisema, na hakusogea.

Mashine ikateleza mita nzima. Ilikuwa imeanza kujigeuza, mgongo ukitafuta genge wenyewe. Burgi alianza kuomba, lakini maneno ya sala yalimtoka kichwani yote, likabaki moja tu, tafadhali, tafadhali, tafadhali. Mkono wake ulikuwa juu ya kishikio cha winchi. Akautoa, akaukalia, kwa sababu hakuuamini tena.

Taa ya Gebhard iliingia bondeni ikapotea.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Gebhard ni mzito, alijiambia, mpe muda. Sita. Saba. Nane. Kumi. Kutoka bondeni hakukuja taa wala sauti, upepo tu. Kassian aliyekuwa amesimama kwenye mwanga wa mashine akaanza kupanda, akizama hadi mapajani, akitambaa, mzee wa miaka sabini na mbili akikimbilia juu kwenye theluji kwa miguu na mikono.

Burgi alibaki. Hakukuwa na mwingine wa kubaki. Alikaa mle ndani peke yake na mashine inayonong'ona ikienda nyuma kidogo kidogo, akakodolea macho ukingo wa bonde. Alikojoa kwenye kiti na hakujua hadi baadaye.

Halafu taa ya baba yake ikaonekana ukingoni. Ilichora duara, na duara la pili, na la tatu. Mlimani hapo kila mtoto anajua maana yake. Mtu yu hai.

Waliteremka pamoja kwa upande wa mawe, mbali na waya, mmoja amemshikilia mwenzake. Ilichukua muda ambao Burgi hataki kuupima. Walipofika mlangoni Gebhard alikuwa anaushika mkono wake wa kushoto kama mtu anayebeba mtoto mchanga, na bega lake lilikuwa limeshuka mahali pasipo pake.

"Nimenaswa na kitu," alisema akiomba radhi. "Skii imeingia chini yake, nikaenda kichwa chini miguu juu. Samahani, Burgi. Tumekuchelewesha kazi."

Walibanana kwenye kiti cha abiria, Gebhard katikati. Mlango ukafungwa. Burgi aliuliza, "Hakuna mwingine? Baba, nitazame. Hakuna mwingine nyuma yenu?"

"Hakuna."

"Apa."

Kassian aliapa. Burgi akageuza taa kubwa ya paa kuelekea juu, akavuta.

Bondeni skii za Gebhard zilikuwa zimesimikwa kwenye theluji, zimepishana kama msalaba. Kassian alizisimika hivyo kwa mazoea, ndivyo wanavyofanya wote panapoanguka mtu, ili wengine wasimgonge. Winchi ilinguruma. Waya ukatoka kwenye theluji pole pole, ukadondosha unga mweupe, ukaanza kujinyoosha. Kisha ukaruka. Hawakuona vizuri ulivyokwenda. Waliona tu skii zote mbili zikipaa, moja ikiwa vipande viwili, na baadaye sana, au ilionekana hivyo, wakasikia sauti yake.

Waya ulikuwa umetulia, unatetemeka kidogo kwenye mwanga. Mashine ikasimama imara, mgongo wake hatua nane kutoka kwenye uzio. Gebhard, bila kujua anafanya nini, alipandisha mkono wake mzima akaishika shingo yake.

Kassian alivua kofia. Alikaa akiitazama mapajani mwake.

"Ningekuwa mimi kwenye usukani, ningevuta," alisema. "Pale mwanzo kabisa. Ningeona taa juu, ningejisemea, huyo mjinga kaingia mwenyewe kwenye mteremko uliofungwa, mashine kwanza. Ningevuta."

"Najua, baba," Burgi alisema.

"Kwa nini hukuvuta?"

Angeweza kunyamaza. Redio ilikuwa inamwita, Severin alikuwa anauliza ni akina nani, aandike majina gani. Lakini woga ulikuwa umemkamua, na haukumwachia nguvu ya kusema uongo.

"Kwa sababu nilijua ni wewe," alisema. "Ningeona taa ya mtu mwingine, ningevuta."

Gebhard alikuwa katikati yao, mkono wake bado uko shingoni. Hakugeuka kumtazama Burgi wala Kassian. Alitazama mbele tu, kule ulikokuwa waya, hadi mashine ilipofika chini kwenye taa za kijiji.